Vanishi ya Shemeji na Kifua cha Lujeni

Jumapili, 6 Januari 2019

Nisamehe, daftari langu. Miezi minane! Ukurasa wa mwisho nilikuwa bado na tumbo, nalalamika kiungulia. Sasa Ziyadi ana meno mawili na mimi nimesahau hata kalamu naweka wapi. Si uvivu. Ni mikono – kila nikikaa, kuna mtu juu yake.

Leo naandika kwa sababu mambo yanaanza kunichanganyikia, lipi lilitangulia lipi lilifuata.

Hivi: tangu Novemba shemeji Jalali ameacha kuchonga. Karakana ya chini, alipokaa baba mkwe miaka arobaini na patasi yake, sasa kuna kompresa. Anapuliza vanishi. Vitanda, makabati, viti vya maharusi, kutwa. Mama mkwe yuko ghorofa ya kwanza, sisi ya pili, Jalali mwenyewe ya tatu na madirisha yake ya upande wa mto. Harufu inapanda kwa ngazi kama mgeni asiyebisha hodi. Na hii baridi ya Dumyati yetu, pwani ya Misri, nikifungua dirisha mvua inaingia, nikifunga thina, dawa ya kuyeyushia vanishi, inatukaba.

Lujeni wangu, miaka minne, kifua kinalia filimbi. Wiki hii mara tatu kwenye mashine ya mvuke. Leo daktari kaniuliza tunakaa wapi. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akasema basi dawa zake ni maji tu, mtoto atoke kwenye hewa ile au hewa ile itoke kwa mtoto.

Nimempigia mume wangu Raafati, aliko kazini Kuwait. Kasema kaka ana oda kubwa, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi gani? Hakusema.

Jumanne, 8 Januari

Nimeshuka mwenyewe kuzungumza. Ziyadi mgongoni, Lujeni nimemwacha kwa mama mkwe.

Jalali akanizimia kompresa kwa heshima, akavua barakoa – yeye ana barakoa! – akasema, “Karibu Mama Lujeni. Chai?”

Nikamwambia sitaki chai, shemeji, nataka mwanangu apumue.

“Watoto wote wa Dumyati wamekulia kwenye vumbi la mbao. Mimi na mumeo tulilala juu ya vumbi la mbao.”

“Vumbi la mbao si thina.”

“Ehee! Umeshakuwa mkemia.” Mafundi wake wakacheka. Kisha taratibu, karibu kwa upole: kuchonga hakuna soko tena, watu wanataka kinachong’aa, yeye ana watoto watatu. Najua. Mkewe naye nampenda. Ndiyo shida yenyewe.

Akasema Ijumaa tukae kifamilia, tumalize. Nikafurahi. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Januari

Baada ya swala, sebuleni kwa mama mkwe. Jalali, mama mkwe, mjomba wao Hagi Bishbishi mwenye duka kubwa la samani, na mimi. Mishabaki mezani, vile vitamu vya shira, na chai. Ziyadi analia meno. Hagi akaanza kumsifu marehemu baba mkwe, mkono wake, uaminifu wake, nyumba hii aliyoijenga tofali kwa tofali. Mama mkwe akalia. Mimi pia machozi – alinipenda yule mzee. Kisha Hagi akasema wanafamilia hawashindwi kuelewana, Jalali atajitahidi na Mama Lujeni atavumilia, kila mmoja atamwangalia mwenzake. Akanyanyua viganja: “Al-Fatiha.”

Nikanyanyua. Nikasoma. Nani haisomi? Mtu akisema Al-Fatiha mikono inapanda yenyewe. Nilidhani tunamsomea marehemu!

Nikajipangusa uso, Ziyadi akatapika kwenye bega langu, nikapanda juu.

Jumamosi, 12 Januari

Kompresa imewashwa tangu saa mbili asubuhi. Kabla hata ya maduka.

Nimeshuka. “Shemeji, si tulizungumza jana?”

“Tulizungumza na tukamaliza. Umesoma Fatiha.”

“Nimesoma kwa marehemu.”

Akanitazama kama mtu aliyeshuhudia wizi. “Mbele ya mjomba, mbele ya mama yangu, umenyanyua mikono ukasoma kwamba utavumilia. Leo unaniambia ulikuwa na nia nyingine? Fatiha ina nia ngapi kwenu?”

Kwenu! Nilikotoka mimi ni Ras el-Bar, robo saa kwa gari!

Nimepanda ngazi. Mbaya zaidi ni kwamba nami najiuliza. Nilisoma. Midomo yangu ilisoma. Je, nimevunja kitu?

Jumatatu, 14 Januari

Nimekwenda mtaa wa mahakama. Mawakili wawili.

Wa kwanza ana tai na koo zuri. Akasema tutamburuza, tutaleta polisi, tutaifunga karakana, kesi miaka mitatu, minne. Nikamwambia ni baba mdogo – la, baba mkubwa wa wanangu, tunapishana kwenye ngazi moja kila siku. Na miaka minne Lujeni atakuwa na minane, atapumua nini kwa wakati huo? Akasema hayo ni ya wauguzi, si yake.

Wa pili aliuliza jambo moja tu: “Mumeo anajua uko hapa?” Nikasema anajua. Uongo. Hakuamini, nami nisingeamini.

Nimerudi, viazi vimeungua, Lujeni amechora nyumba yenye nywele. Nikamuuliza nywele za nini. “Harufu,” kasema.

Jumatano, 16 Januari

Dawa ya mvuke ilikwisha. Daktari Mervati wa famasia akaniona uso wangu. Akasema kuna wakili mmoja, Wajdi Shinnawi, juu ya duka la vitambaa, yeye haendi mahakamani ila akikosa njia. Anawakalisha watu mezani kwa maandishi, kila upande unachagua mwamuzi wake, hao wawili wanachagua wa tatu, na uamuzi wao una nguvu ya hukumu. Dada yake Mervati aliachana na mbia wake hivyo, vikao vitatu, na mpaka leo wanasalimiana.

Nikaenda papo hapo na Lujeni, kabla ya kuogopa.

Ofisi ndogo, birika linalia, faili mpaka dirishani. Ustadhi Wajdi – ndivyo tunavyowaita mawakili – ni mtu mnene, anakula mbegu za boga na kuyahesabu maganda. Baba yake alikuwa mchongaji pia. Nikasema neno “thina” tu, akakunja pua: “Hapo hapo. Najua.” Mtu wa kwanza!

Nikamwambia kuhusu Fatiha. Akaacha mbegu.

“Ulisoma?”

“Nilisoma.”

“Kwa sauti?”

“Kimoyomoyo. Lakini mikono ilikuwa juu.”

Akashusha pumzi. Akasema kwenye sheria si kitu, hakuna karatasi. Lakini waamuzi ni watu wa mji huu, na Jalali atakuja na mashahidi wawili wa mikono yangu. Kwa hiyo tusiikane. Tuseme kweli: nilisoma, wala sikuambiwa masharti. “Fatiha ya kufunga jambo husomwa baada ya jambo kusemwa, bibiye. Wao walisema nini? Atajitahidi, utavumilia. Hiyo ni salamu.”

Nusura nilie. Nikamwambia Lujeni, aliyekuwa akila maganda ya Ustadhi, aache.

Halafu akaomba karatasi. Fleti iko kwa jina la Raafati. Nikampa uwakala wa jumla, karatasi ya kumsainia mambo yake, alionifanyia kabla ya kusafiri. Nimeutumia benki, shuleni, kwenye maji. Akausoma mara mbili. Haufai! Akasema uwakala wa jumla unaruhusu mambo mengi, lakini kusuluhisha na kwenda kwa waamuzi ni lazima vitajwe wazi, la sivyo saini yangu ni wino tu. Na waraka wa pili: ile hati ya mgawanyo ya baba mkwe, aliyowagawia wanawe nyumba. Ninaikumbuka – imeandikwa karakana ya chini ni ya Jalali “kwa kuchonga na kuunga samani”. Kuchonga na kuunga. Si kupuliza! Ustadhi aliposikia hivyo alisimama.

Hati iko kwenye mkoba wa pasipoti wa Raafati. Kuwait.

Alhamisi, 17 Januari

Nimemwambia Raafati kila kitu, kwa ujumbe wa sauti, dakika sita, Ziyadi akinivuta sikio. Nilitegemea makelele. Hakupiga makelele. Kasema sawa. Kasema ubalozi mdogo una foleni, atakwenda Jumapili kunifanyia uwakala mpya.

Amekubali upesi, lakini sauti yake kama ya mtu anayesoma tangazo. Labda uchovu.

Jumapili, 20 Januari

Lujeni amebanwa leo saa saba mchana. Mbavu zinaingia ndani, midomo imekuwa rangi ya zabibu. Nilimbeba kwenye ngazi, chini kompresa inanguruma, fundi mmoja akanifungulia mlango mkubwa bila kunitazama. Hospitali, oksijeni kwa saa mbili nzima.

Nimempeleka kwa mama yangu Ras el-Bar. Lujeni alilia, “Mama, nimefanya nini?”

Hujafanya chochote, roho yangu. Hujafanya chochote.

Ustadhi Wajdi alinitahadharisha kwa simu, kwa haya: mtoto akiondoka watasema tatizo limeondoka. Nikamwambia Ustadhi, kama kesi inahitaji mwanangu akae kwenye moshi, basi nimeshindwa kesi. Akasema: “Mpeleke. Wewe baki. Bakia na mdogo, weka kitambaa mlangoni, na uandike siku na saa wanazopuliza.” Kwa hiyo naandika. Leo: saa mbili hadi saa sita, saa saba hadi magharibi.

Raafati hakwenda ubalozini. Kazi.

Jumanne, 22 Januari

Jalali amekubali kukaa kwa waamuzi! Ustadhi alimfuata mwenyewe karakanani, akanywa chai mbili. Nilidhani tutabembeleza mwezi mzima. Kumbe alisema “Karibuni, hata kesho,” na kucheka.

Kwenye ngazi akanipisha, mkono kifuani: “Karibu, mheshimiwa hakimu wa nyumba.”

Mwamuzi wake ni mfanyabiashara rafiki ya Hagi. Wangu ni mhandisi mstaafu wa usalama kazini, aliyetafutwa na Ustadhi. Hao wawili wamemchagua mwenyekiti jaji mstaafu, Mzee Kadri. Kikao Jumamosi. Uwakala wangu tutauahidi, utafika.

Ustadhi naye hakufurahi sana. “Mtu anayekubali haraka,” kasema, akabanja mbegu, hakumaliza.

Kupuliza: saa tatu mpaka alasiri. Ziyadi anakohoa kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 26 Januari

Sijui niandikeje.

Ofisini kwa Ustadhi, meza ndefu imeazimwa kutoka duka la vitambaa. Jaji Kadri mwembamba, sauti ndogo, kila mtu anainama kumsikia. Akaeleza kwamba hapa hakuna kelele wala shahidi wa kununuliwa, kila mtu atasema kwa zamu. Mhandisi ameshapima hewa kwenye ngazi. Nikajiona kama nimefika.

Jalali akaanza na Fatiha. Hagi Bishbishi akashuhudia. Nikasimama, nikasema kweli, nilisoma, na nikasema sikutajiwa siku wala saa wala dirisha. Jaji akamuuliza Hagi: “Mlimwambia atavumilia nini?” Hagi akafikiri. “Mambo,” kasema. Mwamuzi wa Jalali mwenyewe akatabasamu! Nikasema moyoni, Ibtihali, unashinda.

Ndipo Jalali akafungua bahasha.

Uwakala. Ubalozi wetu mdogo wa huko Kuwait, muhuri, saini ya Raafati ambayo naijua kama mkono wangu. Tarehe kumi na mbili Desemba. Anampa kaka yake haki ya kumwakilisha katika kila jambo la nyumba ile, pamoja na kusuluhisha na kwenda kwa waamuzi. Maneno yale yale ambayo mimi sina.

Desemba! Mimi namwomba apange foleni, naye njia ya ubalozini anaijua.

Ustadhi Wajdi akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema mtu hawezi kukaa viti viwili: Jalali mlalamikiwa na Jalali huyo huyo msemaji wa mlalamikaji! Jaji Kadri akakubali kwamba ni ajabu. Lakini akasema karatasi ni halali, na aliyeitoa ndiye peke yake anayeweza kuifuta. Ustadhi akasema basi mama amsemee mtoto. Jaji akatikisa kichwa, kwa huruma kweli: baba yuko hai, msimamizi wa mtoto kisheria ni baba, ni lazima aandike.

Uamuzi: kikao kinaahirishwa hadi Jumatano tarehe sita Februari. Raafati aufute uwakala wa kaka yake au authibitishe. Akiuthibitisha, shauri limekwisha, na makubaliano ya Fatiha yanaandikwa na kutiwa muhuri kama hukumu. Mpaka hapo Jalali asipulize asubuhi.

Jalali alipotoka hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema taratibu, “Mama Lujeni, ungeniuliza kwanza mimi kuhusu mumeo.”

Jumapili, 27 Januari

Amepokea mara ya nne.

“Aliniambia ni ya mita ya umeme,” kasema Raafati.

“Ulisoma?”

“Nilisaini.”

“Ina kurasa mbili, Raafati. Suluhu imeandikwa mara tatu.”

Nikasikia gari la jangwani likipita kwake, na mtu anacheka.

“Sikujua kuhusu Lujeni wakati ule.”

“Sasa unajua. Tangu tarehe sita unajua. Na tangu tarehe kumi na saba uliniacha niende pale mbele ya watu nikiwa nimeshika karatasi ya benki.”

“Nilitaka kukwambia.”

“Lini?”

Akasema Jalali ndiye aliyemfunza kazi. Alimshika mkono baba alipougua, alimvalisha suti ya harusi yetu. Nikiufuta uwakala, kasema, nitamtazama vipi usoni?

“Na Lujeni utamtazama vipi?”

“Usiniweke hapo, Ibtihali.”

“Sikukuweka mimi.”

Sikupaza sauti, Ziyadi alikuwa kifuani. Namwita Raafati kwa jina lake zima sasa, siku zote nilimwita Rafu. Aliona. Akasema nipe siku mbili.

Jumanne, 29 Januari

Siku mbili zimekwisha adhuhuri.

Asubuhi Jalali hakupuliza, ameheshimu. Saa saba akaanza. Saa saba na dakika mbili!

Mama mkwe amepanda, kwa shida, na sufuria ya supu ya njiwa. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akamchukua Ziyadi.

“Mwanangu, usimlazimishe Raafati achague.”

“Mama, ameshachagua Desemba.”

“Hakujua.”

“Hakusoma. Si sawasawa.”

“Wanawake wa siku hizi na mawakili wao!” Akataka kuendelea, akakohoa. Akakohoa tena, mkono kwenye meza, muda mrefu, Ziyadi akamkodolea macho. Nikampa maji. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni ubaridi. Nikamuuliza tena. Akatazama mlango wangu, kitambaa chenye maji nilichokiweka chini.

“Hata mimi naweka,” akasema. “Na usimwambie Jalali.”

Akashuka. Supu hii sijui niile au niililie.

Ras el-Bar: Lujeni amelala siku tatu bila filimbi. Mama anasema amekula mayai mawili na kumtukana kuku. Anauliza atarudi lini. Nimemwambia mama aseme “karibu”. Sipendi kumdanganya.

Ujumbe wa Raafati umefika sasa hivi. Nilikimbia na mikono ya sabuni. Ameona mashine ya kusafisha hewa, ya Kijapani, nzuri sana, na mablanketi ya manyoya ya watoto wawili. Jirani yake wa kambi ya wafanyakazi anakuja huku Jumatatu, atatubebea. Niseme rangi gani. Na nimwambie kitu kingine chochote ninachohitaji.

Basi. Nimekaa. Naandika hapa kwanza kwa mkono, nisikosee, kisha nitaupiga picha ukurasa nimtumie. Kompresa inapiga chini ya miguu yangu, meza inatetemeka, herufi zinisamehe.

Ninachohitaji kitumwe na huyo jirani wa Jumatatu:

Hati ya kuufuta uwakala wa Jalali. Ya asili, si picha. Namba na tarehe ya ule uwakala ziandikwe ndani, 12 Desemba. Muhuri wa ubalozi mdogo.

Uwakala mpya kwangu, jina langu kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na la babu. Useme wazi: kusuluhisha, na kwenda kwa waamuzi. Utaje fleti ya ghorofa ya pili. Usome wote kabla ya kusaini. Wote.

Barua yako yenye muhuri kwamba namsemea Lujeni na Ziyadi mbele ya waamuzi.

Hati ya mgawanyo ya baba, iliyo kwenye mkoba wa pasipoti, mfuko wa zipu. Iwekwe kwenye plastiki, isikunjwe.

Vyote mkononi mwa jirani, visitiwe kwenye sanduku. Nitampokea mwenyewe. Jumanne navipeleka kugongwa muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, Jumatano saa nne ni kikao.

Mablanketi usitume. Mashine usitume.

Kama mkoba wa jirani ni mdogo, hati ya kufuta. Hiyo tu.